Mwanzi wa Antena

Mjukuu wangu akiwasha televisheni yake kuukuu, vumbi la ndani hupata moto na kunuka, nami kimawazo hurudi kijijini kwetu Jego.

Enzi zile kijiji kizima kilikuwa na televisheni moja, ya mwenye duka, nayo ilikula betri ya gari. Stesheni ya nchi yetu haikutufikia kule mpakani, tulikamata ya ng'ambo. Antena ilifungwa juu ya mwanzi uani, na kazi ya kuushika ilikuwa yangu. Wengine wakishika, chenga tupu kiooni. Nilijivuna, usiniulize!

Jioni moja nikasikia kelele ndani, mtu akimwambia bibi yangu: "Bi mkubwa, si mkazamwana wako huyo anayeimba?"

Alikuwa mama. Bibi mzaa baba ndiye aliyemsema mpaka akaachwa, akarudi kwao ng'ambo, akaingia kikundi cha taarabu. Tangu hapo sikumwona. Sauti yake ikanifikia dirishani. Nikauachia mwanzi, nikakimbilia ndani. Kufika, chenga.

"Rudi nje, we mtoto! Umetuulia picha!"

Bibi akainuka, akajifunga leso kiunoni, akatoka. Akauzungusha mwanzi, watu wakimwelekeza: "Upande wa msikiti! Ah, umepita, rudi!"

Mara mama akatokea, kanenepa, meno yote nje.

"Yupo?" bibi akauliza kutoka uani.

"Yupo, bibi."

"Basi mtizame hata amalize. Mkono wangu haujachoka."