Vifaranga Wasio na Macho

Clotilda hakuzaliwa na subira. Chai aliinywa ingali inafuka moshi, na mteja aliyevutana naye bei aliulizwa, "Kaka, unanunua au umekuja kupunga upepo?" Nyuma ya duka lake la chakula cha kuku, Kariakoo, alikuwa na mashine ya kutotolesha yenye mayai mia mbili. Na tumboni, baada ya miaka kumi na mmoja ya kumlilia Mungu, alikuwa na mimba changa.

Siku ya tatu ya mayai yale umeme ukakatika, saa sita nzima. Mwingine angeyatupa. Yeye, uliporudi tu, akapandisha joto la mashine ili kufidia muda uliopotea, utadhani yai nalo ni mzigo wa kuwahi kivuko Magogoni. Haya, mwenye pupa hadiriki kula tamu!

Siku yake ilipofika, mayai yakaanguliwa. Clotilda akafungua mlango wa mashine asubuhi, akaita, "Wanangu!" Vichwa vyote vikamgeukia kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na macho. Pale pa macho palikuwa na ngozi tu, na manyoya ya njano juu yake. Alishikwa na woga, akapiga yowe.

Madhuben, jirani yake muuza viungo, alikuja mbio akamfunika uso kwa mtandio. "Usitazame, dada! Mwenye mimba akitazama kitu kibaya, mtoto anakichukua."

Hata kwao Clotilda, Kilimanjaro, bibi yake alisema hivyohivyo. Lakini jamani, aache kutazama nini tena? Alishawatazama siku zote wakiwa ndani ya mayai, akiyamulika moja moja kwa tochi ya simu.

Jioni akampigia Evelyn, binti wa kaka yake anayesomea mambo ya seli chuoni.

"Shangazi, hiyo imani tu," Evelyn akamwambia. "Kuna protini inayolinda seli isinakili vinasaba vyake mara mbili kabla ya kugawanyika. Hiyohiyo huzishika pia jeni za jicho, inaziambia zisubiri. Mlinzi mmoja, malindo mawili. Akizidi nguvu, mwili unakua, macho hayatokei. Labda lile joto lako lilimvuruga. Mtoto wako halimhusu."

"Una hakika?"

"Mimba ikifika mwezi wa tano tutaenda kupima. Utayaona macho yake, ila yatakuwa yamefumba. Kope za mtoto hushikana mpaka kama mwezi wa saba."

Clotilda aliyashika maneno hayo kama rozari. Vifaranga wakafa wiki ileile, isipokuwa mmoja. Huyo kila Clotilda alipoingia dukani aligeuza kichwa. Hakukielekeza usoni kwake, alikielekeza tumboni. Siku mtoto alipocheza kwa mara ya kwanza, kifaranga akalia ndani ya boksi lake.

Mwezi wa tano ukafika. Evelyn alimshika mkono kwenye kitanda cha kupimia, muuguzi akapitisha kifaa tumboni.

"Macho yapo?" Clotilda akauliza.

"Yapo, mama. Mawili, mazuri kabisa."

Clotilda akaangua kilio cha furaha, akamshukuru Mungu na Bikira Maria.

"Tena yako wazi," muuguzi akasema, akisogelea skrini. "Tazama. Anatuangalia."

Evelyn akauachia mkono wa shangazi yake.