Fundi Winifrida Alipooka Aisii kwenye Tanuri la Mikate

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nakosea, 2021 nilikuwa bado Mwimbi kwa binti yangu. Ilikuwa 2023, Februari, mvua ikinyesha Sumbawanga kama imetumwa.

Mguu wangu hautulii, na siku hizo ulikuwa unanipeleka kwenye kibanda cha Winifrida pale Malangali. Winifrida ni fundi wa redio, simu na chochote chenye waya. Alipokuwa msichana aliifungua redio ya baba yake, akachapwa. Wiki iliyofuata akaifungua tena, na safari hiyo ikaimba. Ndiye huyo.

Asubuhi hiyo akaingia Fransiska, mjane wa kijiji cha Pito, amekumbatia bodi ya mashine yake ya kutotolea vifaranga kama amebeba mgonjwa.

"Mwanangu, imezima! Mayai mia mbili na arobaini, leo siku ya kumi na nane. Zimebaki tatu tu!"

"Mayai yako wapi, mama?"

"Nimeyafunika blanketi. Yakipoa nimekwisha."

Winifrida akaikagua bodi. Iliyokufa ni aisii, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. "Ninazo tatu za akiba," akasema, akavuta kopo la ulezi.

Hapo nieleze. Sisi Wafipa tunaujua ulezi. Ukiukausha ukauweka ghalani, unakaa miaka na mdudu haugusi. Basi Winifrida akaona hakuna mahali pakavu kuliko ndani ya ulezi, akazifukia humo aisii zake. Hata mimi nilimsifu kwa akili hiyo.

Akaiweka ya kwanza juu ya bodi, akaielekezea bloa ya hewa moto. Risasi ya kulehemu ikaanza kung'aa, mara pa! Kama bisi. Aisii ikavimba mgongo ikapasuka.

"Umeiunguza!" Fransiska akapiga kelele.

"Sijaiunguza. Ilikuwa imekunywa maji."

"Maji? Imeoga lini?"

"Ganda lake hunywa unyevu wa hewa, mama, polepole. Ukiipasha ghafla maji yanageuka mvuke, na mvuke hauna mlango wa kutokea. Lakini sielewi, ilikuwa kwenye ulezi mkavu."

"Mkavu, nani kaupima?" nikauliza.

Bwana shamba alitufundisha zamani. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka, tia chumvi iliyokaushwa jikoni, tikisa, kisha ngoja; chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka ina unyevu. Tukafanya hivyo. Lo! Chumvi ikang'ang'ania kioo, nyeupe kama umande wa Julai. Kopo halikuwa likifunga vizuri. Masika yote ulezi ulikuwa unavuta hewa mbichi na kuwagawia wapangaji wake.

"Haya, weka ya pili," Fransiska akasihi, "lakini polepole."

"Siweki. Zimebaki mbili, na nyingine ziko Dar. Nazikausha kwanza, mpaka kesho asubuhi."

"Kesho! Unataka kuniua?"

"Nikiharakisha na hizi zikapasuka, utasubiri basi la Dar siku nne. Chagua, mama."

Fransiska akakaa kwenye ndoo. Kisha akasema, "Kausha."

Winifrida akakimbilia kwa Beda, mwoka mikate, aisii zikiwa kwenye kifuniko cha kopo la dagaa.

"Leo tunaoka mende?" Beda akauliza.

"Aisii, kaka. Nyuzi mia na ishirini, isizidi."

"Na siagi tupake?"

Alicheka, lakini alimpa pembe ya tanuri. Winifrida akakaa hapo na kipimajoto, mkaa ukizidi anaupunguza, ukififia anauchochea. Kule kijijini Pito, mimi na Fransiska tulikuwa tunachemsha maji, tunajaza chupa, tunazilaza kati ya mayai, tunaziondoa zikipoa. Vidole vyangu viliungua. Sikujali.

Asubuhi Winifrida akafika kwa bodaboda, na bodi mkononi. Aisii alizitia kwenye chupa ya kahawa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya. "Zikikaa wazi zitaanza kunywa tena," akasema, akaanza kazi papo hapo.

Bloa ikanguruma. Fransiska alishika rozari. Mimi niliziba masikio, kisha nikazibua, maana nilitaka kusikia. Risasi ikang'aa. Ikayeyuka. Miguu ya jongoo ikazama mahali pake.

Hakuna kilicholia.

Taa nyekundu ikawaka, feni ikazunguka, na Fransiska akanikumbatia mimi badala ya fundi! Siku mbili baadaye vifaranga mia moja sitini na tisa walikuwa wanalia sanduku zima. Nakwambia, sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Sasa Winifrida ulezi anaupikia uji tu. Vidude vyake vinakaa kwenye chupa ile ya kubana, na kila mwezi vipakiti vinakwenda kukaushwa upya kwa Beda.

Mimi nimebaki na jambo moja. Nilimuuliza Winifrida, akacheka akainamia bodi yake. Nilimuuliza Beda, akanipa mkate. Nilimuuliza hata mwalimu wa sayansi, akasema ataangalia kitabuni, mpaka leo. Yale maji yaliyotoka ndani ya aisii zile kwa siku nzima tanurini, tungeyakusanya yote, je, yangetosha kulowesha mguu mmoja wa sisimizi?