Nukta Nyekundu na Jicho Langu la Kulia

Hakuna Mkongomani mwingine Louisville mwenye mbuzi ishirini na mmoja, na kama yupo ajitokeze. Nilifika nchi hii na darasa la nne la shule ya primaire na koti la mtu mwingine. Nikafunga maboksi kwenye ghala kule Shively, nikanunua lori moja kuukuu, likanizalia la pili, na malori mawili yakaninunulia shamba dogo nusu saa nje ya mji. Sisi watu wa milima ya Kivu Kusini, mtu akiamka hana mnyama wa kumtazama, anajisikia mgeni hata nyumbani kwake.

Bon. Mwaka jana kitu kikaanza kula watoto wa mbuzi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jirani yetu, Mzungu mzee, akasema ni koyoti, yule mbwa mwitu wa huku. Mke wangu, ambaye anarudi kutoka kazi ya kutunza wazee na kunikuta ninanuka beberu, akatoa hukumu: akiliwa mmoja tena, mbuzi wote wanapanda trela na kuuzwa. Mke wangu hasemi kitu mara mbili. Hata ile mara moja ni hisani tu.

Nikanunua bunduki. Mimi ni raia, na maswali ya uraia niliyajibu yote bila kukosea hata moja. Kilichobaki ni kioo cha kulengea, na hapo nikaomba ushauri kwa watu wawili.

Wa kwanza ni shemeji yangu wa Columbus, kaka wa mke wangu. Kwake ni nukta nyekundu tu: kioo kidogo chenye taa ndani, ndogo kama tundu la sindano. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta juu ya mnyama, basi. Mnyama akiwa mbali, nyuma ya nukta unafunga kioo cha kukuza mara tatu, chenye bawaba, unakilaza na kukisimamisha unavyotaka. Wa pili ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, anayekaa Buffalo, mtaa wa Black Rock, na kuwinda kulungu na wenzake wa kiwandani. Yeye anatumia darubini fupi. Ukiiweka kwenye moja unaona kama kwa macho matupu, ukizungusha pete hadi sita mnyama anakuja mlangoni. Ni nzito kidogo, na inataka jicho likae mahali pake. Lakini mkwe hamwamrishi baba wa mke wake. Kwenye simu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba wengine wanasemaga darubini nayo si mbaya. Nikaona huyu hana uhakika. Nikachagua nukta.

Jumamosi nikaendesha hadi Columbus, tukanunua vyote viwili, nukta na kioo chake cha kukuza, tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Nikaweka jicho. Nukta haikuwa nukta. Ilikuwa nyanya iliyokanyagwa, mbegu zimerukia upande wa kushoto. Nikasimamisha kile kioo cha kukuza. Nyanya ikawa kubwa mara tatu.

Nikasema kimeharibika. Shemeji akachukua bunduki, akafyatua, akapiga katikati.

"Shemeji, kifaa ni kizima," akasema. "Jicho ndilo limefika pensheni."

Sasa, huyu mtu ananitania tangu siku ya ndoa yetu. Alishasema masikio yangu yanashika televisheni bila antena. Alishasema mbuzi wananikimbilia kwa sababu wameona ndugu. Kwetu shemeji ana haki hiyo, na mimi ninayo kwake, na ninaitumia vizuri kuliko yeye. Kwa hiyo nilicheka, nikamwambia yeye alizaliwa na mvi, nikarudisha kifaa dukani. Wakanipa kingine. Nyanya. Wakanipa cha bei ya juu. Nyanya ya bei ya juu. Nikarudi nayo nyumbani nikilaumu viwanda vya siku hizi, maana mimi husoma namba ya lori lililo mbele kabla dereva wake hajaikumbuka.

Wiki mbili baadaye binti yangu na mumewe wakaja kutusalimu. Nikamchukua mkwe nyuma ya banda, nikampa bunduki bila risasi, nikamwambia aangalie aniambie anaona nini. Aliangalia muda mrefu.

"Baba mwenyewe anaona nini?" akauliza.

"Nyanya."

"Ndiyo, Baba. Nyanya."

Nilifurahi sana. Donc, kumbe tulikuwa wawili. Nikamsifu kwamba anajua kuangalia, si kama watu wa Columbus. Kisha, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, akapendekeza tuipige picha hiyo nyanya kwa simu yangu, tumtumie muuzaji iwe ushahidi. Wazo zuri. Nikashangaa kwa nini sikulitoa mimi. Nikalaza bunduki juu ya marobota ya nyasi, nikaweka kamera mahali pa jicho, nikapiga.

Kwenye picha palikuwa na nukta moja ndogo, mviringo, safi, kama ile anayoweka mwalimu mwisho wa sentensi. Nikafuta kamera kwa shati, nikapiga tena. Ile ile. Simu haina baba mkwe, inasema inachoona.

Mkwe alikuwa amegeuka, anawatazama mbuzi kama mtu anayetaka kununua.

"Simu ya Baba ni nzuri," akasema mwishowe.

Tuliingia ndani tukala. Wakati wa chai nikatangaza kwamba nimefikiria sana na nimeona darubini ndiyo inafaa. Mkwe akasema Baba ameamua vizuri. Msalaba wa darubini umechorwa kwenye kioo chenyewe, si taa, na mwisho wake kuna pete unayozungusha mpaka iafikiane na jicho lako, hata kama jicho lenyewe ni bishi.

Asubuhi moja, darubini imeshanunuliwa na kufungwa kwenye bunduki, jua limeshatoka, mbuzi wakapiga kelele. Kwenye kona ya chini, kama hatua mia moja na hamsini, mnyama wa kijivu alikuwa anapita chini ya waya. Nikalala kwenye nyasi, nikazungusha pete hadi sita, msalaba ukatulia begani mwake. Kidole kilikuwa kimeshagusa. Hapo akageuza kichwa, na shingoni nikaona ukanda wa rangi ya machungwa. Alikuwa mbwa wa jirani, yule yule jirani wa koyoti, mbwa anayekaa kiti cha mbele kwenye gari lake na kufunguliwa dirisha.

Ile nyanya ingefunika shingo, ukanda na kila kitu, na ningefyatua. Mkongomani ameua mbwa wa Mzungu. Hayo mengine malizia mwenyewe.

Nikampigia mluzi, akaja anatikisa mkia. Nikaacha bunduki ndani, nikampeleka kwao kwa miguu. Mzee alikataa kabisa, eti mbwa wake anaogopa hata paka. Tukazunguka nyuma ya ghala lake, tukakuta vibati vitatu vya njano vya masikio ya watoto wa mbuzi wangu, namba zake nimeziandika kwa mkono wangu. Mzee akavua kofia. Wiki hiyo hiyo akamjengea mbwa uzio.

Nilipomsimulia mke wangu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza niliuonaje ukanda kutoka kule juu.

"Kwa macho yangu," nikasema.

"Macho yako?"

"Na darubini."

"Mbuzi wabaki," akasema. "Wewe Jumatatu tunaenda kwa daktari wa macho. Na gari ninaendesha mimi."

Jumatatu nikakaa kiti cha abiria, nikimsomea mabango ya barabarani, yale makubwa.