Hamira Iliyochemshwa

Hebu mwone mke wa mwokaji akiingia bekari ya mumewe asubuhi, koti la maabara begani, anaimba. Kazini kwake hukamua damu ya chaza, akaichanganya na hamira aliyoichemsha na kuitia rangi nyekundu, kisha akachungulia kwenye hadubini. Chaza hajachanjwa na yeyote, lakini chembe za damu yake zikigusa tu sukari ya kwenye ganda la hamira, zinajua huyu ni mgeni. Zinamkumbatia na kummeza mzima mzima.

Jana friji ya maabara iliharibika, akauhifadhi mkebe wake wa hamira hiyo kwenye friji ya bekari.

"Mama watoto," mumewe alimwita, akimwonyesha donge la unga la rangi ya waridi, lililokataa kuumuka, limelala kama gogo. "Mkebe ule ni wako?"

Wimbo ukamkauka. "Jamani, si niliichemsha! Imekufa hiyo!"

"Na chaza wako wanaila?"

"Wanaila. Wakishalitambua ganda, hawaulizi kama ni hai au mfu."

"Kumbe mimi na chaza akili moja! Nami niliona hamira tu, nikaukandia unga. Haya, wateja kawaeleze wewe."

Nje wateja walikuwa wanagonga, wanataka mkate. Mke akashika komeo la mlango. Ungekuwa wewe, ungeanzia maelezo kwa chaza au kwa mume?