Mgongo wa Mama Alliance

Mama Alliance anakaa juu, mimi nakaa chini, katika nyumba moja ya mbao hapa Buffalo, na sakafu yake ndiyo dari yangu. Kwa hiyo mambo yake mengi nayajua bila kuuliza. Jina lake ni Spés. Ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu mimi mtu wa Uvira, na anafanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Ni mtu wa kucheka, na akifurahi hachelewi kupiga vigelegele. Jirani akipata kazi, vigelegele. Theluji ikiyeyuka, vigelegele. Siku fundi alipofufua hita yetu, vilimtoka vikali hivi kwamba yule mzungu wa watu aliangusha spana mguuni mwake.

Shule hakusoma. Alikuwa mtoto wa kwanza kwao, na kila mwaka wenzake walipoingia darasani yeye alikuwa na mdogo wake mgongoni. Analisema hilo waziwazi, bila kulialia, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Mtoto wake ni mmoja tu, Alliance, ana miaka kumi na miwili, amezaliwa hapahapa. Mama anamsemesha Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, na wanaelewana vizuri maadamu mazungumzo ni ya kula na kuvaa. Zaidi ya hapo ni kazi. Shuleni kwake wanafundisha Kichina, na Alliance alikipenda tangu siku ya kwanza, hasa kuandika. Herufi zao si kama zetu. Kila moja ni mchoro mzima, wenye mistari inayofuatana kwa utaratibu wake, na ukianza na mstari uliopaswa kuwa wa mwisho mwalimu anakata.

Sasa nieleze mgongo uliingiaje. Spés hurudi kazini kiuno na mabega vimekakamaa. Analala kifudifudi kwenye mkeka, na Alliance anampaka dawa ya kuchua. Siku moja, kwa uvivu tu wa kwenda kutafuta daftari, mtoto akaanza kuandika herufi zake kwa kidole kwenye ule mgongo wenye mafuta. Mama akamwambia arudie, imemkuna vizuri. Ukawa mchezo, kisha likawa darasa. Spés alijifunza kuzisikia zile herufi kwa ngozi, na akazipa majina yake mwenyewe: hii ni kitanda, hii ni mama na kuni, hii ni uzio wenye miguu. Mtoto akiruka mstari, mama anamwambia leo mbuzi wako ana miguu mitatu, na mtoto anaanza upya. Nikipanda kuomba chumvi nawakuta mmoja amelala, mwingine anaandika, wote wanacheka. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Mwanangu Elisée hata begi langu habebi.

Halafu shule ikamchagua Alliance kwenda kwenye mashindano ya kuandika Kichina, yale yanayoonyeshwa kwenye televisheni, na ikampa tableti ya kufanyia mazoezi. Tableti inasema herufi, inasahihisha, haichoki wala haisinzii. Mtoto akawa anajifungia nayo chumbani, na darasa la mkekani likafa. Spés hakulalamika. Aliniambia kwamba mgongo wake umeachishwa kazi, akacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi. Jioni moja aliniomba mimi nimchue. Nikamchua kwa nguvu zangu zote, akashukuru kwa adabu, nami nikaona wazi kwamba hakuwa akinitafuta mimi. Alikuwa anaogopa jambo moja tu, na baadaye alilitamka: kwamba mtoto amepata lugha ya tatu, na yeye hata ya pili hakuipata, kwa hiyo safari hii ndiyo anamwacha kabisa.

Mashindano yalifanyika Columbus, karibu na chuo kikuu, na mimi ndiye mwenye gari la viti saba. Tulilala Linden, mtaa wa hukohuko Columbus, kwa binamu yangu Zenoni, asubuhi tukaingia ukumbini. Kulikuwa na watoto kutoka Buffalo, Louisville na Columbus kwenyewe, na kamera nyingi. Mwalimu alitueleza sheria. Jaji anatamka neno, mtoto anaandika, mkono wake unaonekana kwenye skrini kubwa. Watu wote wanyamaze mpaka kengele ilie, kwa sababu sauti yoyote kabla ya kengele inahesabiwa kuwa ni msaada, na neno hilo linafutwa. Nilimtafsiria Spés mara mbili, naye akaitikia kwa kichwa mara mbili. Kwa hiyo mtu asije kuniambia hakujua.

Watoto walianguka mmojammoja hadi wakabaki wawili, Alliance na msichana wa Louisville mwenye miwani mikubwa. Yule wa Louisville akakosea neno lake. Alliance akilipata hili lake, kombe linakuja Buffalo. Jaji akatamka: kucheza, kucheza ngoma. Alliance akachora sehemu ya juu harakaraka, miti minne imesimama na mistari imepita, na hata mimi niliutambua uzio. Kisha kalamu ikasimama hewani. Sura yake kwenye skrini ilikuwa ya mtu aliyefika mlangoni akakuta hana ufunguo.

Akaweka kalamu chini. Akafumba macho, na kidole chake kikaanza kutembea mezani, bila wino, taratibu. Hapo Spés, aliyekuwa amejikunyata pembeni yangu, akanyooka ghafla na kunishika mkono. Mtoto akafumbua macho, akachukua kalamu, akaanza kuweka miguu chini ya uzio. Mguu wa kwanza. Wa pili haujaisha, kengele haijalia, vigelegele vikamtoka Spés, vile virefu vya kumpokea bibi harusi, vikajaa ule ukumbi wote mpaka kwenye taa. Kamera zote zikageuka.

Majaji waliinamishiana vichwa. Wakasema mtoto hana kosa, ila sheria ni sheria, neno limefutwa, apewe jingine. Akapewa kobe. Hilo alikuwa amejifunza kwenye tableti. Akaandika kobe mzuri tu, akasahau mkia. Msichana wa Louisville akaandika lake bila kosa, akabeba kombe. Simu yangu nayo ilikuwa inatetemeka mfukoni: wenzetu wa kanisani Buffalo, waliokuwa wakitazama, walisikia vigelegele wakadhani tumeshinda, na mama mchungaji alikuwa ameshakata keki.

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nilinyamaza nazo nusu saa nzima barabarani, na hiyo kwangu ni nyingi. Tuliposimama kununua chipsi nikashindwa.

"Bon, Mama Alliance," nikamwambia, "mi nilikuambia mara mbili. Kengele tu, donc haukuweza ngoja kengele?"

Spés hakujitetea. Alishika mgongo wake kwa nyuma, pale mkono unapofika.

"Mama Elisée, aliandika mezani, mimi nikamsikia hapa," alisema. "Tangu aletewe ile tableti sijamsikia. Ningenyamazaje?"

Nilipogeuka nikamwona Alliance nyuma yetu, ameshika chipsi zake, amesikia yote. Alitangulia kwenye gari.

Safari ikaendelea. Wao wawili walikaa kiti cha kati, mimi nawatazama kwenye kioo. Spés alikaa ameinama mbele, viwiko magotini, uso ameuelekeza dirishani, mgongo haugusi kiti. Nikamwambia aegemee, atajiumiza zaidi. Akasema yuko sawa. Tukapita Cleveland, bado ameinama vilevile, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na huzuni wala maumivu. Alikuwa anaacha nafasi. Roho iliniuma, kwa maana mtoto alikuwa ameegemea upande wake, vipokea sauti masikioni, kama abiria wa basi asiyemjua mtu.

Ziwa linalofika hadi kwetu Buffalo lilikuwa limeshaanza kuonekana upande wa kushoto pale nilipoona kwenye kioo mkono wa Alliance umetoka kwenye koti. Vipokea sauti alikuwa amevivua. Kidole kikashuka kwenye mgongo wa mama yake, kikazunguka, kikakata, kikashuka tena na kupinda mwishoni. Spés hakugeuka. Alifumba macho tu.

"Nani huyu mwenye mkia?" akauliza.

"Kobe," akasema Alliance.

"Kobe gani anapita mbio hivi? Mwandike tena."

Mtoto akacheka, akamwandika tena polepole, halafu tena, na mimi nikapunguza mwendo bila sababu yoyote ya barabarani. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau keki ya mama mchungaji. Spés akasema sasa amemshika, huyu hatatoroka, na akataka kujua kama kobe naye ana jina zuri la nyumbani au watumie hilohilo. Wakakubaliana aitwe Mzee wa Columbus.

Kisha Alliance akajisogeza, akaegemeza shavu kwenye ule mgongo, na akasema kwa Kiswahili, kile ambacho kwa kawaida humtoka kwa kulazimishwa:

"Mama, kengele imelia. Sasa piga."

Spés akanitazama kwenye kioo kuomba ruhusa. Nikamwambia angoje kidogo, lile lori lipite kwanza. Hakungoja.