Samaki Walioonja Dawa ya Josho

Mimi ni bwana mifugo wa kijiji cha ujamaa huku Misigiri. Kazi yangu ni kuogesha ng'ombe kwenye josho. Juzi nilikwenda Singida mjini kununua sukari, mwenye duka akaniita uani. Wana kibwawa cha saruji chenye samaki wekundu kwa weupe, wa kutazamwa tu, hawaliwi. Mama yake mzee ndiye anayewalisha, na kila mmoja kampa jina. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, daktari. Wanajikuna kwenye mawe."

Kuitwa daktari kulinilevya. Kwetu mnyama akijikuna ni kupe, basi. Nikatoa dawa ya josho mkobani nikamimina kidogo, halafu kidogo tena kwa heshima ya mama.

Nikakaribishwa chai, nikanywa huku nikiwafundisha habari za kupe. Tuliporudi uani, samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Kujikuna kulikuwa kumekwisha kabisa.

"Wamepumzika," nikasema.

Mama akawatazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Bwana mifugo, na ng'ombe wako wakipumzika hulala chali?"