Nafasi Nje ya Chandarua

Likizo ile tulikwenda watatu Ahero, kwa shangazi yangu, kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Mimi ndiye niliyewaalika wenzangu wawili wa darasani. Tulipiga madebe kutwa nzima, na wakati wa kulala kulikuwa na chandarua kimoja tu, cha kutosha wawili. Mkubwa wetu alijitandikia mkeka nje yake.

"Laleni nyinyi, watoto laini," alisema. "Damu yangu chungu. Mbu wa Nyalenda walishashindwa nami, sembuse hawa washamba?"

Tulicheka. Mimi mwenyeji ndiye niliyepaswa kusema tubadilishane. Sikusema.

Shule ilipofunguliwa alianza kutetemeka. Malaria ikampanda kichwani, na kabla ya wiki kwisha tukaambiwa hayupo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupiga hesabu. Bomba walilochotea maji kwao Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu, lilizungukwa na madimbwi, mbu tele. Huenda alisafiri na ugonjwa tayari mwilini. Huenda. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na bado sijui mbu yule alikuwa wa wapi.

Tulimzika kijijini kwao, kando ya ziwa. Kwa desturi yetu Wajaluo, siku chache baada ya maziko watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa. Rafiki hanyolewi, hulia, akarudi kwao. Lakini mama yake alituona tumejibanza kwenye ua, akasema, "Hawa nao waje. Walikuwa wakilala naye chumba kimoja."

Mwenzangu, mwana wa muuza duka kutoka Murang'a, ambaye desturi hiyo haikuwa hata ya kwao, akaenda kuketi mbele ya nyanya wa marehemu, aliyekuwa akinyoa.

"Baba atadhani nimeshikwa na chawa," aliniambia, machozi yakimtiririka.

Mimi nilibaki nimesimama. Kichwa kinachonyolewa pale ni cha mtoto wa nyumba ile. Je, wangenitaka wakijua?

"Mama," nikasema, "kule Ahero yeye alilala nje ya chandarua. Sisi tulikuwa ndani."

Mama yake alikuwa ameshika karai la maji, akaliweka chini polepole.

"Alinieleza," akasema. "Alijisifu sana. Keti."

Nikaketi. Nyanya alinishika sikio nisitikisike, na wembe ulikuwa butu. Neno lile "keti" nimeligeuza kila upande tangu siku hiyo. Pengine alinisamehe. Pengine alikuwa amechoka tu, na vichwa vilikuwa bado vingi.

Darasani tuling'aa vipara wawili, dawati lake tupu katikati yetu. Mwalimu hakuuliza. Kila asubuhi kabla ya kengele nilipapasa kichwa changu, na siku kiganja kilipokutana na nywele za kwanza, nilikwenda nyuma ya choo cha shule nikalia kama siku ya maziko.